Fidia ya Nini? Uhakiki wa Neno Moja katika Sheria za Ardhi ya Kukodi

Ugomvi baina ya serikali na watu waliokodishwa ardhi wakati wa ukoloni aghalabu husimuliwa kama ugomvi wa hesabu. Mwenye shamba asema alipwe kiasi fulani. Serikali yasema kiasi hicho ni kikubwa mno. Mthamini aitwa, wakili aitwa, na mwisho jaji au waziri akata shauri. Wanahistoria na wanauchumi wameandika mengi juu ya hesabu hizo, nami sina elimu ya kuwasahihisha. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na kila nisomapo sheria hizi, za Kiingereza na za Kiswahili, naona kwamba wagombanao hawajapatana hata juu ya kitu kinacholipiwa. Mmoja alipwa bei ya ardhi, wa pili bei ya miaka iliyosalia katika hati, wa tatu bei ya jasho lake, na wa nne apozwa moyo tu. Na malipo yote haya, kwa Kiswahili cha sheria, yaitwa fidia.

Jambo hili lingaliweza kuachwa kama udadisi wa wanakamusi, lau si kwamba mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria za ardhi zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi ya Gavana zimo katika kazi hiyo ya tafsiri. Neno likiisha kupigwa chapa katika sheria si neno tena la kuchezewa na washairi. Mtu hupata shamba kwa neno hilo, au hulikosa. Basi yafaa tulihakiki neno fidia kama mhakiki alihakikivyo shairi: limetoka wapi, limebeba nini, na wafasiri wamelitumia vyema au vibaya.

Asili yake si siri. Ni neno la Kiarabu, fidya, na maana yake ya kwanza ni mali itolewayo ili mtu aachiliwe: mateka arudishwe kwao, au mja aondokewe na deni la ibada. Mwislamu mkongwe asiyeweza kufunga Ramadhani hulisha maskini kwa kila siku aliyokula, na chakula hicho huitwa fidia mpaka leo. Jirani wa neno hili ni dia, malipo ya damu wapewayo jamaa za aliyeuawa. Msomaji na aangalie upande yanakoelekea malipo haya. Dia hutoka kwa mkosaji ikaenda kwa aliyekosewa. Fidia ya mateka hutoka kwa aliyedhulumiwa ikaenda kwa aliyemshika. Kwa hiyo mtu asemapo "fidia imelipwa" bila kuongeza neno, hatujui bado kama haki imetendwa au kama mtu amejikomboa kwa aliyemwonea.

Kiswahili kina kitenzi chake cha Kibantu kwa maana ile ile ya pili, nacho ni komboa. Mateka hukombolewa, na kitu kilichowekwa rehani hukombolewa. Siasa ya karne ya 20 ilikichukua kitenzi hiki ikakipandisha cheo, na sasa ukombozi ni uhuru wa nchi. Wachache wakumbuka kwamba ndani ya ukombozi mna fedha.

Neno la Kiingereza ambalo fidia imepewa kazi ya kulifasiri lina ukoo mwingine kabisa. Latoka katika Kilatini, nalo ni neno la mizani: kupima kitu kimoja dhidi ya kingine hata pande zote mbili zilingane. Mizani haina mkosaji. Ndiyo maana wanasheria wa Kiingereza hulitumia bila haya kwa mtu aliyenyang'anywa na kwa mfanyabiashara aliyevunjiwa mkataba. Mimi silaumu jambo hilo katika lugha yao. Nasema tu kwamba tulipoiita mizani fidia, tuliingiza shutuma mahali ambapo mtungaji hakuitaka, na pengine tuliificha mahali ilipostahili kuonekana.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Katika Kenya, Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 iliruhusu walowezi wakodishwe ardhi kwa miaka 99, nayo ya 1915 ikaupeleka muda huo hata miaka 999. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika kesi ya Isaka Wainaina na Murito, aliamua kwamba Mwafrika aliyekaa juu ya ardhi ya Taji ni mpangaji tu, awezaye kuondolewa kwa hiari ya mwenye ardhi. Kwa upande wa Tanganyika, Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni ya Dola, na Waingereza wakatunga Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyoiweka ardhi yote ya umma chini ya Gavana na kutoa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 maana ya haki hiyo ilipanuliwa ili wenyeji waishio kwa mila nao waingie. Waliingia kwa maneno, bila hati mkononi.

Hapa ndipo sikio la Kiswahili liponapo mushkeli. Kwetu kukodi ni kukodi. Mpangaji aondokapo katika nyumba, ni nani aliyewahi kumlipa bei ya nyumba? Lakini kwa sheria ya Kiingereza miaka iliyosalia katika hati ni mali. Yauzwa, yarithiwa, yawekwa rehani. Mlowezi mwenye hati ya miaka 999 aliyekaa miaka 40 hakujiona mpangaji wa kuondoka. Alijiona mwenye mali ya miaka 959. Naye Mkikuyu ambaye babu yake alifyeka msitu ule hakuwa na hata mwaka mmoja wa kuhesabu, maana hakuna aliyempa muda. Mizani ile isiyo na mkosaji ilikuwa na sahani moja tu.

Sisemi kwamba hoja ya mwenye hati ni bure. Alipewa karatasi yenye sahihi ya serikali, akalipa kodi, akapanda mkonge au kahawa, akachimba visima. Na serikali hurithi ahadi za serikali iliyotangulia pamoja na majengo yake. Nasema kwamba hoja hiyo ni ya mkataba, na hoja ya mkataba yapaswa iitwe kwa jina la mkataba. Watu wa pwani walikwisha kutofautisha mambo haya zamani. Mjini Mombasa mpaka leo mna nyumba ambazo mwenyewe ni mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Mwenye nyumba hulipa ijara ya kiwanja, na kila mtu ajua kilicho chake. Minazi nayo iliweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye udongo. Kwa hiyo asinene mtu kwamba Kiswahili ni maskini wa kutenga ardhi na vilivyo juu yake.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa lugha ya sheria angepaswa kuusoma ni ule wa Wameru. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani katika wilaya za Arusha na Moshi yalikuwa mikononi mwa serikali, na Jaji Mark Wilson aliwekwa kushauri jinsi ya kuyagawa. Taarifa yake ya 1947 ilishauri eneo la Engare Nanyuki liwe la walowezi wafugao ng'ombe, na Wameru waliokaa huko wahamishiwe Kingori. Mwezi Novemba 1951 waliondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York.

Serikali haikusema kwamba itawaondoa watu bure. Ilisema itawapa ardhi nyingine na kuwalipa. Wameru walikataa. Watawala waliona kukataa huko ni ukaidi au uchochezi, maana kwa mizani yao sahani zilikuwa zimelingana: eneo kwa eneo, nyumba kwa shilingi. Mimi naona kwamba Wameru walielewa neno kuliko waliolitumia. Kupokea fidia ni kukubali kwamba jambo limekwisha. Apokeaye dia hana tena kisasi, na aliyepokea fidia ya mateka hana tena mateka. Ukitaka kushika dai lako, usipokee. Mtu asiyejua lugha hii ataona maskini anayekataa fedha. Mwenye kuijua ataona mtu anayekataa kutia sahihi.

Kenya ilipokaribia uhuru, mambo yaligeuka upande wa pili wa neno. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulianza 1962. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha za Uingereza na za wakopeshaji wengine, yakakatwa vipande, na wakulima Waafrika wakapewa vipande hivyo kwa mkopo ambao iliwapasa kuulipa. Oginga Odinga na Bildad Kaggia walipinga, wakiuliza kwa nini mtu anunue kilichokuwa chake. Kaggia aliacha kazi yake serikalini mwaka 1964 kwa sababu ya ugomvi huo wa ardhi. Katika vitabu jambo hili laitwa kuwalipa walowezi fidia. Sawa, lakini ni fidia ipi? Ni ile ya mateka. Alipaye ndiye aliyenyang'anywa, na alipwaye ndiye mshikaji. Ukombozi wa nchi ulikuwa ukombozi kwa maana yake kongwe kabisa, ile ya rehani, na sijui kama waliokuwa wakiimba neno hilo barabarani walisikia sauti ya sarafu ndani yake.

Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1963 umilikaji wa daima uligeuzwa kuwa ukodi wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodi huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kuikalia ardhi. Msingi wa fikra hii uliandikwa na Julius Nyerere mwaka 1958, Waingereza walipotaka kuingiza umilikaji wa daima kwa Waafrika: kwamba ardhi ni kipawa cha Mungu, na mtu afyekapo pori, kilicho chake ni kazi aliyoitia katika kulifyeka, si udongo. Fikra hii ilipata mwenzi asiyemtarajia. Sheria ya Kiingereza ya kikoloni ilikwisha kuwa na kanuni kwamba mwenye haki ya kuikalia ardhi hulipwa kwa kazi aliyoitia katika ardhi ambayo faida yake haijamalizika, yaani nyumba, miti, uzio, mtaro. Kwa Kiswahili cha maofisi hayo huitwa kwa ufupi maendelezo. Sheria ya Kutwaa Ardhi ya 1967 iliishika kanuni hiyo kwa ardhi iliyo tupu: hulipwi ila kwa maendelezo.

Mwalimu na Gavana, basi, walikutana katika neno moja, lakini hawakukusudia jambo moja. Nyerere alianza na jasho la mkulima ili ardhi isiwe bidhaa. Gavana alianza na majengo ya mlowezi ili yasipotee. Neno maendelezo limemeza tofauti hiyo. Ofisini lina maana ya kitu kionekanacho, kihesabikacho; mthamini hupita na kalamu akihesabu migomba. Lakini ardhi iliyofyekwa na kulimwa vizazi vitatu na kulazwa mwaka ule ili ipumzike haina kitu cha kuhesabu. Jasho limo, maendelezo hayamo.

Kasoro hii ilifika mahakamani. Sheria Na. 22 ya 1992, iliyohusu umilikaji wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa, ilifuta haki za mila katika ardhi iliyotwaliwa wakati wa operesheni ya vijiji, tena ikakataza fidia. Lohay Akonaay na Joseph Lohay walikuwa wamekwisha kushinda shauri la kurudishiwa ardhi yao, na sheria hiyo ikawa inakuja kuwanyima ushindi wao. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba haki ya mila katika ardhi ni mali yenye ulinzi wa Katiba, kwamba mtu hawezi kunyimwa mali hiyo bila fidia, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo. Ili kuonyesha hivyo Mahakama iliyategemea yale maneno ya Nyerere ya 1958 juu ya jasho. Naiona hukumu hii kuwa kazi kubwa ya uhakiki wa maneno, japokuwa waliyoiandika ni majaji na lugha yake ni Kiingereza: iliurudisha mzigo wa neno mahali mwalimu alipoutua.

Lakini Katiba ya Tanzania imeandikwa kwa Kiswahili, na hapo pana jambo ambalo mawakili hawakulichambua. Ibara ya 24 yakataza mtu "kunyang'anywa" mali yake bila idhini ya sheria iwekayo masharti ya kutoa "fidia inayostahili". Matini ya Kiingereza husema mtu asiondolewe mali, nayo yataka fidia iliyo ya haki na ya kutosha. Tuanze na kitenzi. Kunyang'anya si kuondoa. Ni kuchukua kwa nguvu, ni kazi ya mwizi wa mchana. Matini yetu imemwita mtwaaji kwa jina lake halisi, na kwa hiyo fidia ifuatayo katika sentensi hiyo ni jamaa wa dia, si jamaa wa bei. Sina hakika kama waandishi waliliwaza hilo. Sikio lao la Kiswahili liliwaza kwa niaba yao.

Kivumishi ndicho chenye taabu. Kiingereza kina sifa mbili, haki na utoshelevu, nasi tumezikunja katika kitenzi kimoja, stahili. Kitenzi hiki chaweza kwenda pande mbili: mtu hustahili heshima, na heshima humstahili mtu. Katika "fidia inayostahili" hakuna kiambishi cha kutuonyesha fidia yamstahili nani. Je, ni inayomstahili aliyenyang'anywa? Au ni inayostahili tu, yaani inayofaa kwa hali ilivyo, ikiwamo hali ya hazina? Kila upande utasoma upendavyo. Herufi moja, m, katika "inayomstahili", ingalimweka mdai ndani ya sentensi. Kwa kuwa haimo, mdai amesimama nje akingoja aambiwe kinachostahili.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ilijitahidi kuziba pengo. Yataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kuhesabu ndani yake thamani ya soko, usumbufu, usafiri, hasara ya faida au ya makazi, na riba malipo yakicheleweshwa. Haya ni maendeleo makubwa, na mwenye hati ya kikoloni na mwanakijiji wote wawili waweza kuyadai. Hata hivyo, sikilizeni jinsi yasemwavyo vijijini: posho ya usumbufu, posho ya usafiri. Posho ni chakula cha mpagazi na askari, kipimo apewacho mtu aliye chini ya amri ya mwingine. Mtu anavunjiwa nyumba, nasi twampa posho!

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja cha bara uliohusu shamba la zamani la mkonge. Serikali ilikuwa ikilitwaa, mwenye hati alikuwa akidai miaka yake, na wanakijiji waliolima pembezoni kwa miaka 30 walikuwa wakidai mihogo yao na zaidi ya mihogo. Mzee mmoja alimwuliza mthamini, "Mwanangu, fidia hii ni ya kutununua au ya kutuomba radhi?" Kijana akamjibu kwa adabu, "Ni fidia tu, mzee wangu." Mzee akaketi. Sijapata kusikia swali la semantiki lililoulizwa vizuri zaidi, na nimeketi katika semina nyingi za ng'ambo.

Swali lake si la nchi hii peke yake. Zimbabwe ilipotia sahihi mwezi Julai 2020 mapatano ya kuwalipa wakulima wa kizungu dola za Marekani bilioni 3.5, ililipia maendelezo tu, si ardhi, kwa hoja kwamba ardhi ilikuwa imeporwa tangu mwanzo. Ile kanuni ya kikoloni ya kuhesabu majengo na miti imepinduliwa ikamrudia mlowezi. Wapo wanaofurahia kejeli hiyo. Mimi nauliza tu kama waliotia sahihi pande zote mbili walikuwa wakitamka neno moja, maana Katiba ya nchi hiyo ya 2013 yampa mwenyeji aliyetwaliwa shamba malipo ya ardhi pamoja na maendelezo, na mlowezi asiyelindwa na mkataba wa kimataifa malipo ya maendelezo peke yake. Neno ni lile lile, watu wawili, vitu viwili.

Baadhi ya wenzangu watasema dawa ni kubuni istilahi mpya. Siafiki. Tuna istilahi tele, ila twazirundika chini ya mwavuli mmoja kwa uvivu. Malipo ya miaka iliyosalia katika hati yaitwe thamani ya muda, nayo yahesabiwe kama deni la mkataba lihesabiwavyo. Malipo ya majengo na miti yaitwe bei ya maendelezo. Kazi ya kufyeka na kutunza isiyoacha alama ya kuhesabika yaitwe jasho, neno ambalo Mahakama ya Rufani imekwisha kulipa heshima kwa maana yake ingawa si kwa sauti yake. Posho irudi kwa askari. Nalo fidia libakie kwa lile malipo la dhuluma, litolewalo na aliyenyang'anya kumpa aliyenyang'anywa, likiwa na kile kiambishi cha mtu ndani ya kitenzi chake. Mfasiri atakayefika kwenye sheria ya 1967 na kuiona ardhi "tupu" na aanze hapo hapo, kwa kuuliza utupu huo ulionwa na macho ya nani.